Aliyeenda Kuomba Maji Chuo Kikuu

Mwaka ule tulikula michembe asubuhi, michembe mchana, na jioni tukajidanganya kwa matobolwa, ambayo ni viazi vitamu vilevile vikavu, ila haya huchemshwa kabla ya kuanikwa. Mvua ilitukimbia, mahindi yakafia shambani. Ndio mwaka mjukuu wangu alipofaulu kidato cha sita, na nimeukumbuka kwa sababu Jumamosi iliyopita tumemzika mwanamke aliyemchagulia chuo. Alikuwa kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ndogo na jirani yangu wa shamba la pamba huku Sapiwi, mrefu, mkavu, na mdomo wake haukuwa na mlango. Waliosema kaburini walimwita mama mpole. Msomaji wangu, hakuwa mpole hata kidogo, na mimi sitamsingizia upole eti kwa kuwa hawezi tena kukanusha.

Mjukuu wangu ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, na alitaka kusomea ufamasia. Alitaka kazi, wala hakuficha. "Bibi, mimi naenda kutafuta kazi, siendi utawani," aliniambia. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alishachagua chuo kikubwa chenye jina, walikokwenda watoto wa wenzake. Mimi nilitaka chuo cha Kanisa, maana nimeona watoto wanaondoka hapa na imani, wakirudi imebaki kwenye picha ya Kipaimara ukutani. Tulibishana mpaka uji ukaganda. Jirani yangu akaingia, akatusikiliza akiwa amesimama. "Mnagombania nini? Mmekiona hata kimoja?" Mwanangu akamjibu kwamba siku hizi vyuo vinaangaliwa kwenye simu. Yule mama akacheka. "Kwenye simu hata mimi ni mrembo! Mke wako tulimtazama kwenye simu, au tulikwenda kwao?"

Kwetu posa ikija haikubaliwi hivi hivi. Anatafutwa mwanamke mwenye macho, anapita kwenye mji wa walioleta posa kama mpita njia, anaomba maji ya kunywa. Hajitambulishi. Anaangalia nani anainuka, kikombe kimeoshwa au hakikuoshwa, na mgeni asiye na jina anasemeshwaje. Jirani yangu akasema mtoto anayekwenda kukaa miaka kwa watu lazima apelelezewe vilevile. Vyuo viwili vya Kikatoliki vilikuwa vimemkubali binti yetu. Mwanangu akaweka sharti: chuo kikiwa kinasali lakini wahitimu wake wanashinda vijiweni, mtoto atakwenda chuo alichochagua yeye. Kesho yake jirani yangu akapanda basi na kuku jike kwapani, kwa sababu mgeni haingii kwa watu mikono mitupu.

Chuo cha kwanza kilikuwa na geti zuri na sanamu ya Mama Maria iliyopakwa rangi mpya. Aliomba maji, akaonyeshwa ilipo ofisi. Akauliza kanisa, akaambiwa mwenye ufunguo amesafiri. "Mama Maria wamemwacha getini, ndani hajaingia," alitusimulia. Chuo cha pili, msichana mmoja alitoka kwenye foleni ya chakula, akamletea maji, akamshikia na kuku, akampeleka kwa mwalimu mkuu wa ufamasia. Kuku alipowekwa mezani yule mwalimu aliruka. "Mama, hii itaitwa rushwa!" Naye akamjibu, "Rushwa gani inanya sakafuni?" Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho, lakini kuku akamrudisha. Kisha akampeleka mama yule hospitali ya karibu, wanakofanya kazi vijana aliowafundisha, akamwacha awahoji mwenyewe. Aliwauliza chuo chao kina nini. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu wetu tulikuwa tunamkuta kwenye misa ya mchana, kisha tunamkuta maabara, na ni mtu yuleyule."

Alirudi amenuna. Kwetu kumrudishia mgeni zawadi ni kumtukana, na ndani ya basi alikuwa ameshaamua chuo kile hakina adabu. Ila alipofika Lamadi akaanza kucheka peke yake, abiria wakadhani kachanganyikiwa. Aliingia kwangu akamtupa kuku uani, akamwambia mwanangu, "Mpeleke kule. Kazi wanapata, nimewaona kwa macho yangu, na kuku wangu wamemkataa. Hawanunuliki." Mwanangu akaenda kumtafutia binti yake sanduku.

Siku hizi naona wazazi wa aina mbili. Wengine wanafuata jina kubwa na ajira, misa wanasema mtoto ataikuta mbele ya safari. Wengine wakiona jina la mtakatifu getini wanapiga ishara ya msalaba na kulala. Wote hawajaenda kuomba maji. Mtoto anayetaka kazi hajatenda dhambi, na mimi niliyeishia darasa la nne najua kukosa kazi kulivyo. Lakini muulizeni anayemfundisha kazi hiyo anapiga magoti wapi, kisha waulizeni wahitimu wake wanafanya kazi wapi. Chuo kikijibu moja tu, rudini nyumbani.

Leo mjukuu wangu ni mfamasia, yuko duka la dawa pale Bariadi mjini, na mimi napita mbele ya dirisha lake hata nisipokuwa na homa. Msimu uliopita jirani yangu alishikwa na kifua, akaenda pale kutaka vidonge vikali. Binti akamwomba cheti cha daktari. "Cheti ni mimi," akasema mama yule. "Nani alikuchagulia chuo?" Binti akampigia goti, akamjibu, naye akaenda hospitali akitukana njia nzima. Walimpima wakamkuta na ugonjwa mwingine kabisa, ambao vidonge vile visingeugusa. Alitibiwa, akavuna pamba tena. Mwezi huu kifua kilipomrudia na kumlaza, nilikwenda kumtazama, nikamwomba radhi kwa niaba ya mjukuu wangu aliyemnyima vile vidonge. Akajiinua kwa kiwiko, akaniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Nyamaza, mayu. Unaomba radhi ya nini? Ulisikia alivyonijibu?"

Nikasema sikusikia. Basi akaigiza sauti ya binti, kwa nguvu, nyumba nzima isikie:

"Bibi, dawa hii bila daktari kukupima sitoi. Hata kwako sitoi."