Mdomo wa Bibi Muuza Keki za Mchele

Pyo Geum-hui alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika studio ya katuni pale Chuncheon, Korea, na kazi yake hakuna mtazamaji aliyeijua. Mchongaji akimaliza sanamu kwenye kompyuta, huwa inapendeza lakini nzito, haichezi. Geum-hui ndiye aliyeivika wavu wa miraba midogo, akiizungusha machoni na mdomoni kama misuli inavyozunguka, ili Sang-beom, fundi wa kuzitia sanamu mifupa ya kuzichezesha, akiivuta, uso ukunjuke bila kuharibika.

Majira ya baridi yale aliletewa sanamu ya bibi muuza keki za mchele, mashavu yamebonyea, kidevuni ana chunjua. Akaupenda uso ule. Siku tatu nzima alikuwa mdomoni tu, anapanga, anafuta, anapanga tena.

"Dada, unamfumia bibi sweta?" Sang-beom alimtania.

"Nenda zako. Akicheka vibaya utasema ni mimi."

"Hata akicheka vizuri nitasema ni wewe."

Siku ya nne mkurugenzi Eom alimwita ofisini. Kwenye kioo cha kompyuta yake alikuwapo bibi yuleyule, ameshavikwa wavu. Programu mpya ilikuwa imeumaliza kwa dakika sita.

Geum-hui aliinama, akautazama. "Bosi, hebu mchekeshe."

Eom akabofya. Bibi akacheka, na shavu la kushoto likajikunja kama karatasi iliyoloa.

"Umeona?"

"Nimeona. Basi asicheke." Hakusema kwa ukali. "Yumo vipindi viwili tu, anauza keki, anaondoka. Watoto hawatajua."

"Mimi nimejua."

"Najua, Bi Pyo." Eom alivua miwani, akajifikicha macho. "Lakini mwezi ujao sina kazi ya kukupa."

Aliporudi kitini, Sang-beom hakutania. Alimuuliza tu kama amtunzie faili lake la bibi.

"Ulitunze la nini? Nani atalifungua?"

Siku zilizobaki alipewa kurekebisha makosa ya programu: vidole vilivyogandana, masikio yenye matundu. Alivirekebisha kwa uangalifu uleule wa siku zote, na akajichukia kwa hilo.

Aliomba kazi studio saba, za Seoul na Bucheon. Mbili zilijibu, zikimuuliza kama anaijua programu ile. Akasema anajifunza. Hawakumwita.

Katuni ilipotoka, yeye alikuwa akihudumia wateja katika mkahawa wa dada yake, wa kuku wa pilipili. Msichana mmoja alikuwa akiitazama kwenye simu huku mama yake anageuza nyama kwenye jiko la mezani. Bibi alipita na kikapu, midomo ameibana, akauza, akaondoka.

"Mama, huyu bibi mbona kanuna?"

"Kachoka labda. Kula."

Geum-hui alibaki amesimama na sahani chafu mikononi.

"Wewe! Nakuita!" dada yake alipaza sauti kutoka jikoni. "Meza ya nne wanataka kimchi!"

Akaenda kuwapelekea.