Kisima cha Merritt

Lorna Vosburgh alikuwa na mume, na hilo lilimsumbua kuliko gesi yenyewe. Shamba, huko vilimani kaskazini mwa Pennsylvania, lilikuwa la marehemu baba yake. Ng'ombe alikamua yeye tangu ana miaka tisa. Lakini mwaka 2008 kampuni ya gesi ilipobisha hodi, Merritt ndiye aliyemkaribisha wakala wao jikoni, akamkatia pai ya maboga, kisha akamganda mkewe mpaka akatia saini mkataba wa kuwakodisha ardhi. Dola tano kwa eka! Majirani waliovuta subira walipata maelfu. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; za Merritt zilishapukutika zamani.

Lorna aliusoma mkataba baadaye, kwa hasira, mpaka akakifikia kifungu kimoja: kampuni isipoanza kuchimba kisima cha gesi ndani ya miaka mitano, mkataba unakufa wenyewe na ardhi inamrudia mwenyewe. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe mbili Desemba 2013. Akanyamaza, akangoja.

Wale waungwana wa kampuni, watu wa Texas, walikuwa na mawakili tele, lakini hakuna aliyewaambia hiyo ni Jumatatu gani. Huko vilimani ndiyo siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu. Shule zimefungwa, hakimu yuko msituni, na dereva wa tingatinga humpati hata umpigie magoti.

Kwa hiyo saa nne asubuhi akaja Haskell, yule yule wakala mla pai, peke yake, na beleshi jipya. Ardhi ilikuwa imeganda kama sakafu. Lorna akatoka barazani na kahawa yake.

"Unazika nini, Bwana Haskell?"

"Naanzisha kisima, mama."

"Kwa beleshi? Mahakama itakucheka."

"Angalau nijaribu."

"Haya, jaribu, baba. Mpaka kesho bado mbali."

Alimtazama akikwaruza majani mpaka mchana, akaona raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mitano. Akaingia ndani kupika.

Saa tisa akasikia trekta. Alishuka kondeni na ndara miguuni. Merritt, katoka kuwinda mikono mitupu, alikuwa juu ya trekta lake la kuchimbia mitaro, na shimo limeshafika kiunoni. Karatasi ya Haskell ya kuwa fundi wa kampuni kwa siku moja, ili shimo lihesabike ni la kampuni, alishaitia saini, bila shaka bila kuisoma.

"Zima hilo trekta, Merritt."

"Namalizia, mama watoto. Mwenzetu mikono imejaa malengelenge. Ungemwacha ateseke?"

"Ndiyo."

"Mh, una roho ngumu wewe."

Haskell alikuwa ameshatoa simu anapiga picha za ushahidi: shimo, trekta, tarehe. Merritt akaruka chini, akasimama kando ya shimo, akainua dole gumba na kutabasamu.

"Hiyo nitumie na mimi," akasema.