Mshenga wa Maua ya Benajara

Alasiri za Julai, watu wa Benajara walipojifungia ndani kulikimbia jua, Leocadia Morón alivaa kofia ya marehemu mumewe, akachomeka brashi ndogo nyuma ya sikio, akashuka shambani kuozesha maua.

Ndivyo kazi hiyo ilivyoitwa bondeni: kuozesha. Ua la mtopetope hufunguka likiwa jike, na kesho yake alasiri hugeuka dume, hivyo bibi na bwana hupishana mlangoni bila kusalimiana. Mdudu wa kuwakutanisha alibaki ng'ambo ya bahari kuu, huko mti ulikotoka. Basi ni lazima mtu awe mshenga: akung'ute chavua ya madume kikoponi, kisha aipake ndani ya majike kwa ncha ya brashi, ua moja baada ya jingine, shingo imeinuliwa mpaka ikakamae. Ua lisilopata mshenga huanguka, au huzaa kitunda kilichojikunja kama sikio la bondia.

"Shemeji! Leo umefungisha ndoa ngapi?" Celedonio alimpigia kelele kutoka ukingo wa mfereji.

"Nyingi kuliko padri wako," alijibu bila kushusha mkono. "Na za kwangu hazivunjiki."

"Zitavunjikaje, na maarusi hawajawahi kulala chumba kimoja?"

"Nenda zako, mzee usiye na haya!"

Celedonio Pulido alikuwa mgawa maji wa bonde, kama baba yake kabla yake, na alikuwa rafiki wa Ginés, mume wa Leocadia, tangu walipokuwa jeshini pamoja. Ginés alipofariki, Celedonio alilibeba jeneza upande wa kichwa, na tangu siku hiyo hakupita shambani bila kumchokoza mjane. Utani wake ulikuwa namna yake ya kubisha hodi.

Leocadia alizaliwa katika nyumba ileile aliyokuwa akiishi, siku za miwa. Utotoni mwake uwanda wote, kuanzia chini ya ngome hadi ufukweni, ulikuwa miwa mitupu, na harufu ya kiwanda cha sukari ililala nao kitandani. Kiwanda kikafungwa. Miwa ikang'olewa, watu wakapanda mitopetope. Waliokuwa karibu na bahari hawakupanda kitu. Waliuza, na mahoteli yakaota. Kaka zake wote wawili waliuza. Yeye na Ginés walibaki juu kidogo, kwenye matuta ya mawe yaliyojengwa na Wamori, Waislamu waliolima bonde hili kabla wafalme hawajawafukuza. Wamori ndio waliouchimba mfereji pia, ukishuka kutoka kwenye milima ya theluji, na ndio walioacha desturi ya zamu: kila shamba na wakati wake wa maji, na kila wakati na jina la mwenyewe. Zamu ya Leocadia ilikuwa Jumamosi, kivuli cha ngome kinapogusa ukuta wa kanisa, hadi kinapouvuka. Benajara haikupata kuwa na saa iliyoaminika kuliko kivuli hicho.

Mtoto alikuwa na mmoja, Fermín, mwanamume wa makamo asiye na mke, mhudumu wa meza katika Hoteli ya Sultana. Huko walimvisha kofia nyekundu yenye kishada na mshipi mpana wa hariri, akawamiminia wageni chai ya mnanaa chini ya matao ya saruji yaliyopakwa rangi ili yafanane na ya kale. Siku ya kwanza alipopita nyumbani na mavazi yale, Leocadia alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, usicheke."

"Sicheki, mwanangu. Ila unafanana na yule bwana kwenye boksi la tende."

Fermín naye alicheka, lakini hakupita tena nyumbani kabla ya kubadili nguo.

Majira ya kuchipua, akiwa jikoni akisugua nyanya juu ya mkate, alimwambia mama yake neno ambalo lilikuwa limemkaa kooni miaka.

"Mkataba wangu unakwisha Septemba. Nimechoka kuwa bwana wa tende. Matunda yakishika mwaka huu, naacha hoteli, nakuja kulima. Yasiposhika, Mama, tusidanganyane. Nasaini tena, na shamba tunaliuza."

"Yatashika."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa naozesha kwa mazoea. Mwaka huu nina sababu."

Kweli aliozesha kama mtu aliyetumwa. Hakuacha tawi. Alipanda ngazi ambayo daktari alikwisha kumkataza, akalala shingo ikiuma, akaamka akarudi. Agosti ilipoanza, matunda yalikuwa yameshika, kijani, ukubwa wa zeituni, mti kwa mti. Fermín alikuja siku yake ya mapumziko, akapita akiyagusa kwa kidole kimoja tu, kana kwamba yamelala. Wiki iliyofuata alileta msumeno mpya wa kupogolea, akautundika kwenye msumari wa baba yake nyuma ya mlango. Leocadia aliingia stoo, akafunga mlango, akafanya ishara ya msalaba.

Kisha ikaja habari ya maji.

Theluji ilikuwa haijaanguka ya maana kwa vipupwe viwili, na mfereji ulishuka mwembamba kama mkojo wa paka. Chama cha wakulima kikaamua kuujazia kwa maji ya kisima kirefu kilichokuwa uwandani. Lakini chini ya uwanda ule kila hoteli ilikuwa na pampu yake, na maji matamu yakivutwa mno, bahari huja nyuma yake polepole kama mgeni asiyealikwa.

Bondeni, mtoto hufundishwa kuonja maji kabla ya kufundishwa kusali: chovya kidole, weka ulimini, ndipo uinue ubao wa lango la shamba, maji yaingie. Celedonio ndiye aliyeonja wa kwanza.

"Onja na wewe, shemeji."

Leocadia alionja. Akatema.

"Yanataka viazi tu, yawe supu," alisema Celedonio, lakini uso wake haukuwa na mzaha. "Usifungue. Mti wenye kiu husinzia. Mti uliokunywa chumvi hausinzii, unakufa. Ngoja mvua za Oktoba."

Akangoja. Aliiacha zamu ikapita, na Jumamosi iliyofuata akaiacha tena. Majani yalilegea, lakini matunda yaling'ang'ania. Jioni alibeba maji ya bomba kutoka jikoni kwa ndoo, akaupa kila mti kikombe cha kuonjeshea, kama mgonjwa anayelowanishwa midomo.

Tatizo lilikuwa desturi yenyewe. Anayeiruka zamu yake mara tatu katika kiangazi kimoja huipoteza, nayo humwendea mwenye shamba la chini yake, yeye na wajukuu zake. Hakuna aliyewahi kusamehewa, hata mgonjwa, hata mfiwa. Na mababu wa Leocadia wenyewe waliwahi kupata zamu namna hiyo, kwa jirani aliyekuwa vitani. Shamba la chini ya Leocadia lilikuwa bustani ya Sultana.

"Kesho ni ya tatu," Celedonio alimwambia Ijumaa, akiwa ameketi juu ya ukuta wa tuta, kofia magotini.

"Najua."

"Mimi ningefumba macho. Ila mtu wa hoteli hafumbi. Siku hizi huja na simu, anaupiga picha ubao wako kama ubao ni bibi harusi."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi ni mgawa maji, shemeji. Mwenye kutoa ushauri ni padri."

"Celedonio."

Mzee aliigeuza kofia mikononi. "Ningeokoa miti. Zamu iende."

"Mti hai usio na zamu ni kuni iliyochelewa."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Leocadia alimpigia simu Fermín. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sahani na muziki wa udi uliokuwa ukirudiwa kutwa.

"Mama, nina wageni wananingoja."

"Nifungue, nisifungue? Shamba litakuwa lako. Sema wewe."

Mtu alimwita kwa kugonga glasi; Leocadia aliisikia glasi.

"Bila maji litakuwa langu la nini?" alisema. "Fanya unavyoona. Naenda."

Hakuwa amesema fungua. Hakuwa amesema usifungue. Lakini Leocadia alilishika lile swali usiku kucha kama jibu.

Jumamosi, kivuli kilipokuwa kikitambaa kuelekea kanisani, kundi la watalii lilipanda njia ya mfereji likiongozwa na msichana mwenye mwavuli. Walikuwa wamekwisha kuiona ngome na mabwawa ya Warumi, sasa walikuja kuuona mfereji wa Wamori. Msichana alimwona Leocadia amesimama kando ya lango, akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Shikamoo, bibi! Unataka kufungua? Naomba tutazame. Hawa wametoka mbali."

"Tazameni. Macho hayanywi maji."

Celedonio alisimama ng'ambo ya mfereji, mikono nyuma. Kivuli kiligusa ukuta. Leocadia alichovya kidole, akaonja. Chumvi ilikuwa imezidi ya wiki iliyopita. Alifuta kidole kwenye aproni. Mgeni mmoja mwenye kaptura, akidhani hiyo ni ibada, naye alichovya, akalamba, akamwambia mkewe kitu, na kundi zima likacheka.

"Anauliza kama chumvi ni sehemu ya desturi," alisema msichana.

"Mwambie ndiyo," Leocadia alijibu. "Kuanzia mwaka huu."

Akashika ubao kwa mikono miwili, akauinua. Maji yakaruka, yakaingia shambani, yakafuata vijia walivyochora watu waliokwisha kusahauliwa majina, yakauzunguka mti wa kwanza, kisha wa pili. Watalii wakapiga makofi. Celedonio aligeuza uso akatazama mlimani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Majani yalianza kuungua pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Kisha yakaungua yote. Matunda yalikuwa yamefika ukubwa wa yai. Yakawa meusi kikonyoni, yakaanguka usiku kwa vishindo vidogo, na Leocadia aliyekuwa macho alivisikia. Kila alasiri alishuka na brashi yake kwa maua machache ya mwisho. Celedonio alipita kingoni, akainua mkono, akaenda zake. Hakuuliza tena habari za ndoa.

Fermín alikuja mwishoni mwa Septemba. Aliokota tunda moja, akalipasua kwa ukucha: mbegu nyeusi ndani ya kitu kama pamba kavu.

"Nimesaini, Mama."

"Najua."

"Ungeniambia kwamba chumvi ilikuwa kali namna hii..."

"Nilikuuliza, Fermín."

Fermín aliingia jikoni, akanywa maji ya bomba, akaosha glasi mwenyewe, akaondoka. Msumeno aliuacha kwenye msumari, bado na karatasi ya duka kwenye meno.

Hata kuuza hakukuwezekana. Mtu wa hoteli alikuja mara moja, akatembea kati ya miti, akaukwaruza udongo kwa ncha ya kiatu. Juu yake kulikuwa na ukoko mweupe. Alisema samahani kwa adabu sana. Bustani yao pia ilikuwa imekufa, alieleza, na wameamua kutandika nyasi za plastiki. Wageni hawaoni tofauti, nazo hazitaki maji. Hawahitaji tena shamba, wala zamu.

Oktoba iliingia bila mvua. Jumamosi Celedonio alikuja hadi langoni, akasimama palepale aliposimama baba yake, akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya langoni.

"Zamu yako, shemeji."

"Nimesikia."

Leocadia alivaa kofia ya Ginés. Brashi aliiacha mezani. Alishuka, akachovya kidole, akaonja, akauinua ubao. Maji yakapita chini ya matawi matupu, mti baada ya mti, bila kuruka hata mmoja, mpaka wa mwisho. Alisimama hapo mikono ikiwa juu ya ubao, akingoja kivuli kiuvuke ukuta wa kanisa, kwa sababu hadi wakati huo maji yalikuwa yake. Kilipovuka, akafunga.