Kipimo cha Sikio

Mpaka leo nikimwona mtoto anajikuna sikio nageuza uso. Nyumbani wameshanizoea, wanasema mama huyo na mambo yake.

Mwanangu wa kike alizaliwa na utindio wa ubongo. Nalisema moja kwa moja kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka, mara "ana tatizo kidogo", mara "miguu haijakaza". Akili anayo kuliko wajomba zake wote, ila mwili haumtii. Miguu inapishana, mkono wa kushoto umejikunja kifuani, na wa kulia anaunyanyua mpaka usawa wa bega tu, hapo unagoma. Kuongea anaongea, taratibu, na ukimkatiza anakasirika. Hasira hizo kazitoa kwangu.

Tunakaa Mtoni. Mie nashona, baba yake ni seremala, na wote wawili tulikuja mjini kutoka kusini tukiwa hatujui kama kuna kitu kinaitwa darasa la awali jumuishi. Kwetu mtoto wa namna ile anakaa ndani, mgeni akija anafungiwa mlango. Kwa hiyo siku niliyosikia kwenye mkutano wa mtaa kwamba shule ya serikali iliyo jirani inapokea watoto wote wa awali, wenye ulemavu na wasio nao, wanakaa chumba kimoja, nikajua ni maneno ya uchaguzi hayo. Kesho yake nikaenda kuhakikisha. Nikakuta kweli mlangoni wameweka mteremko wa saruji badala ya ngazi, na ndani mwalimu wa darasa, binti mdogo aliyetoka chuo juzijuzi, amechuchumaa anamfuta kamasi mtoto asiyesikia, huku anawaimbisha wengine kwa mdomo na kwa ishara za mikono. Nilikaa pale kwenye mteremko nikalia. Wala sikuona aibu.

Alianza akiwa na miaka minne na nusu, kwa hiyo ilibidi akae awali miaka miwili. Baba yake alimtengenezea kiti cha mninga chenye magurudumu madogo, mkanda wa kifuani na kimeza mbele, mie nikakishonea mto. Akapata na rafiki, kabinti ka nyumba ya tatu, wanakaa sako kwa bako. Kale kabinti ndiko kalikuwa kanamshikia kikombe cha uji, na wakigombana kanamnyima kikombe, wakipatana kanakirudisha. Raha yangu ilikuwa hiyo hasa, kwamba walikuwa wanagombana. Hakuna aliyewahi kugombana na mwanangu kabla ya hapo, watu walikuwa wanamwonea huruma tu, na huruma mie nimeila mpaka imenikinai.

Kikawa kitu kimoja tu ninachokitaka duniani: mwanangu apande darasa la kwanza pamoja na rafiki yake.

Sasa mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu, mpole wa sauti, shati limenyooka. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba mpaka unajisikia umebarikiwa. Na alikuwa na mtindo wake. Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, watoto wa awali wanaotakiwa kupanda wanapangwa barazani, na yeye mwenyewe anawapima kwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukishika sikio la kushoto umefikia umri wa shule. Wazazi wetu walipimwa hivyo zamani, enzi ambazo mtoto anajulikana alizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko. Siku hizi cheti cha kuzaliwa kipo, tena nakala alikuwa nayo kwenye faili. Lakini yeye alikuwa akisema vyeti vinanunuliwa, sikio halinunuliki. Na sie wazazi tulikuwa tunaipenda siku ile, tusidanganyane. Tunakuja na khanga mpya, tunapiga picha, mtoto akishika sikio tunapiga vigelegele. Hakuna aliyejiuliza kwenye darasa lile mkono wa nani utafika na wa nani hautafika. Mie mwenyewe mwaka wa kwanza sikujiuliza, maana zamu yetu ilikuwa bado.

Mwaka ule alikuwepo mtoto wa kiume wa mama mmoja anayekaanga vitumbua getini pale shuleni. Mtoto yule alizaliwa na kichwa maji. Walimfanyia upasuaji akiwa mchanga kabisa, akapona, lakini kichwa kilikuwa kimeshakuwa kikubwa. Alikuwa anahesabu mpaka mia na kurudi nyuma. Zamu yake ilipofika akapandisha mkono, ukafika utosini ukaishia pale. Akajivuta, akasimama kwa vidole vya miguu, akatoa ulimi. Mama mmoja nyuma yangu akasema kichwa kimeuzidi mkono. Baraza zima likacheka.

Na mie nilicheka. Naomba nieleweke, sikutabasamu kwa aibu. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa pindo la khanga, na mwanangu yuko pale pale kwenye kiti chake.

Mwalimu mkuu akasema arudie awali. Mama wa vitumbua akasema mtoto ana miaka saba, arudie awali awe babu wa darasa? Mwalimu mkuu akamwambia utaratibu ni utaratibu. Yule mama hakubishana zaidi, akambeba mwanawe mgongoni, mtoto wa miaka saba, miguu inaning'inia, akaondoka. Kesho yake tukasikia ameenda kwa afisa elimu kata kushtaki.

Haikupita wiki mwalimu mkuu akaniita ofisini. Sare za awali nilikuwa nashona mie, gauni na kaptula za miraba, kazi aliyonipa yeye, kwa hiyo nikajua ni habari za sare. Akanikaribisha chai. Akaniuliza mtoto anaendeleaje, baba yake hajambo. Kisha akanisogezea karatasi iliyokwisha andikwa. Ilisema kwamba mimi, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, nathibitisha kuwa shule hii hupandisha watoto darasa la kwanza kwa cheti na taarifa ya mwalimu wa darasa, na kwamba sijapata kuona mtoto akipimwa kwa kushika sikio.

"Mama, neno lako wewe lina uzito," akaniambia. "Una mtoto wa aina hiyo. Na mwakani na huyu wako anapanda, Mungu akipenda."

Hakunitisha. Ningependa kusema alinitisha, ingekuwa afadhali. Alikuwa anakoroga chai yake taratibu. Mie ndiye niliyekaa pale nikawaza sare, nikawaza hiyo mwakani aliyoitaja, nikajiambia mama wa vitumbua naye ana mdomo sana, kila siku kelele. Nikasaini. Kalamu ilikuwa yake, saini ilikuwa yangu, nikaiandika vizuri kabisa kama ninavyoandika jina la mteja kwenye kitambaa. Chai nikaimaliza.

Shauri la mama wa vitumbua likafa. Mtoto wake hakurudi awali. Akawa anakaa naye getini chini ya mwavuli, anahesabu vitumbua.

Mwaka ukazunguka. Mwanangu akawa anataja herufi zote, anasoma silabi, rafiki yake anamfunulia kurasa. Mwalimu wa darasa akaandika taarifa nzuri kweli, akanionyesha kabla hajaipeleka. Nikamuuliza, mwalimu, na lile la sikio itakuwaje? Akaangalia chini. Akasema ameshaongea na mkuu, amemweleza hali ya mtoto, na mkuu amesema hakuna neno. Nikalala usingizi.

Siku ikafika. Nilimvalisha gauni jipya, nikamsuka nywele mtindo wa twende kilioni. Rafiki yake alipimwa kabla yake, akashika sikio, vigelegele. Kisha mwalimu mkuu akasimama mbele ya kiti cha mwanangu akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Haya mama, shika sikio."

Mwanangu aliniangalia. Kisha akaanza. Mkono ukapanda mpaka begani, ukaanza kutetemeka. Akainamisha kichwa ili sikio lifuate mkono, maana ana akili, nimeshasema. Mkanda ukamzuia. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mwalimu wa darasa akasogea akasema kitu kwa sauti ndogo, mkuu akamwonyesha kiganja anyamaze. Ndipo kale kabinti kakatoka kwenye mstari, kakaja kakasimama nyuma ya kiti, kakapitisha mkono wake kenyewe juu ya kichwa cha mwanangu, kakamshika sikio la kushoto.

"Kashika," kakasema.

"Sikio la mwenzio halikuhusu, nenda kacheze," mwalimu mkuu akakaambia. Kisha akatugeukia wazazi. "Kipimo ni kimoja kwa wote. Ndiyo ujumuishi wenyewe huo, hatubagui. Huyu arudie awali."

Nyuma yangu mtu alicheka. Sikugeuka kumtazama, maana kicheko kile nakifahamu vizuri.

Nilipandwa na hasira ambazo sijapata kuziona. Nilimwambia mwalimu mkuu maneno ambayo kwa mtu mzima hayasemwi, na sijutii hata moja. Nikawageukia wazazi wenzangu, nikawaambia twendeni wote kata, mmeona kwa macho yenu. Mmoja akasema ana mgonjwa. Mwingine akasema yeye alikuwa mbali, hakuona vizuri. Mama wa kale kabinti, tunayekopeshana naye chumvi, akasema, "Dada, wangu kashapanda, wataniharibia."

Nikampakia mwanangu kwenye bajaji, tukaenda wenyewe.

Afisa elimu kata alikuwa dada wa makamo, mwenye miwani, na alinisikiliza. Sitamsingizia. Alimpa mwanangu maji, akamsubiri aeleze mwenyewe, mpaka mwisho, bila kumkatiza. Aliandika kila kitu. Akasema kumpima mtoto hivyo hairuhusiwi, tena mtoto huyu, ni jambo baya sana, na malalamiko kama haya hata mwaka jana yalifika hapa. Roho yangu ikatulia. Akainuka, akafungua kabati, akatoa faili, akaanza kupekua. Mie bado sijashtuka. Nilikuwa nampepea mtoto.

Akaisoma karatasi mara mbili. Akaniangalia, akaangalia malalamiko niliyokwisha kusaini pale mezani, akaziweka saini zote mbili sambamba.

"Mama," akasema, "hii ya mwaka jana ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Hapa umeandika hujapata kuona mtoto akipimwa sikio pale shuleni. Mwalimu mkuu nikimwita leo, hii ndiyo ataniomba nimsomee." Akavua miwani. "Sasa nimwamini yupi? Mama wa mwaka jana au mama wa leo?"

Mwanangu alikuwa ananiangalia, anasubiri nijibu, kwa sababu nyumbani mie kila kitu jibu lake ninalo. Afisa akasema atafuatilia. Nikamshukuru. Mpaka naandika haya hajafuatilia, na simlaumu sana.

Januari shule zilifunguliwa. Kale kabinti kalivaa sare ya darasa la kwanza, niliyoishona mie, nikakapima kiuno mwenyewe. Madarasa ya msingi yako ng'ambo ya uwanja wa mchanga, kiti hakipiti. Wiki za mwanzo kalikuwa kanakuja mbio wakati wa uji, kanamshikia kikombe, kengele inalia kanakimbia. Kisha kakapata marafiki wengine, kama inavyotakiwa. Mwanangu yuko awali bado. Magoti yamefika kwenye kimeza, baba yake ameongezea kiti miguu. Wageni wakija kutazama darasa jumuishi, yeye anawekwa mbele, anapigwa picha, ananyimwa tu kwenda ng'ambo.

Mama wa vitumbua bado yuko getini. Kila asubuhi nanunua kwake, hata siku ambazo hatuvitaki. Ananiuliza mtoto hajambo, ananiongezea kimoja, anasema hicho ni cha mwenzie na mwanawe. Hajui habari ya karatasi. Nimeshafungua mdomo mara nyingi kumwambia, naishia kumwomba anifungie kwa gazeti.

Na mwanangu anafanya mazoezi. Hakuna aliyemtuma. Mie nikiwa kwenye cherehani yeye anakaa mkekani, ameegemea ukuta, anapandisha mkono. Unafika begani, unatetemeka, unashuka. Anapumzika, anapandisha tena. Juzi aliniita, "Mama, leo nimekaribia. Umeona?"

Mkono ulikuwa pale pale begani. Nikasimamisha cherehani, nikamwambia ndiyo, nimeona.