Ukurasa Mzima wa Gazeti la Vita

Wiki nzima nililala vibaya kwa sababu ya wanaume waliochimba kilima kabla bibi yangu hajazaliwa. Je, walikwenda kwa hiari yao? Nilikuwa nimeandika kwamba ndiyo.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu kisiwa kimoja cha Ulaya kilichokaliwa na jeshi la kigeni wakati wa vita, na jinsi gazeti la pale lilivyoripoti uchimbaji wa makaburi ya kale. Hoja yangu ilikuwa tamu: watu waliopokonywa kila kitu walijifariji kwa historia yao, wakajitolea kuchimba. Profesa mmoja wa Dallas aliipenda, akaniita nikaieleze mbele ya jopo. Jopo likiridhika, napata nafasi ya udaktari. Lisiporidhika, viza inaisha narudi Dodoma.

Aliyenitia shaka ni mama mmoja Mkongo, jirani yangu hapa mtaani kwetu, Gulfton. Jumapili mchana tulikuwa tunangoja nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, nikamsomea habari moja ya gazeti lile kutoka kwenye simu, nikitafsiri. Alicheka mpaka akakaa juu ya kapu lake.

"Walijitolea! Mutoto, weye haujaona vita. Kwetu askari walipokamata muji, redio ilisema watu wanafagia barabara kwa furaha. Ni mimi nilikuwa nafagia. Furaha gani?"

"Lakini Mama, gazeti limeandika wazi."

"Gazeti la nani? Na hapa pembeni, waliandika nini?"

Pembeni hapakuwa na kitu. Mwaka mzima nilikuwa nakata habari za mambo ya kale peke yake, naihifadhi kila moja kama picha safi, ukurasa uliobaki nauacha. Niliona huo ndio umakini.

Jioni ile nilizirudia kurasa nzima. Safu mbili tu kutoka kwenye habari niliyoipenda kulikuwa na tangazo la kamanda: kila nyumba itoe mwanamume mmoja na sepetu, saa kumi na mbili asubuhi, penye kilima. Kilima kile kile cha makaburi. Gazeti la wiki iliyofuata lilikuwa na tangazo jingine kama hilo.

Nikaanza kujitetea. Labda wengine walipenda kweli. Labda tangazo lilihusu mahandaki ya askari upande wa pili wa kilima. Labda jopo lisingeuliza. Nilimwandikia profesa barua pepe mara nne, mara nne nikaifuta.

"Bado unajiuliza?" mama yule aliniuliza Alhamisi, tulipokutana kwenye ngazi. "Mimi ningekuwa nimechoka."

"Nimechoka, Mama."

"Basi sema, upumzike. Wakikukatalia, utakuja tufue."

Ijumaa niliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Dallas, macho yanawasha, redio nimeizima. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kulisema jambo lile bila kulisema. Kufika mji wa Corsicana, Dallas ikiwa imekaribia, maneno yalikuwa yameniishia.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Profesa alinikaribisha, akaniomba nianze na sura ya tatu, ile aliyoipenda.

"Sura ya tatu ina kosa, na kosa ni langu," nikasema. Nikaweka ukurasa mzima kwenye skrini, nikawasomea habari ya uchimbaji, kisha nikawasomea tangazo.