Swichi ya Wenceslaus

Ukitaka kumjua Wenceslaus Lugembe, fundi mitambo wa Mninga FM hapa Tabora, usihangaike na uso wake, maana hausemi kitu. Mwangalie kidole. Kwa miaka miwili kidole hicho kimekaa jirani na swichi moja, na kazi yake yote ni kutoibonyeza.

Swichi hiyo ndiyo inayotuunganisha na Dar es Salaam. Wakubwa wetu wa huko, Mungu awazidishie busara, waliamua kwamba watu wa Tabora hawana haja ya kusikia habari za Tabora. Vituo vyote vya mikoani vikajiunga na Dar, asubuhi hadi asubuhi. Mimi Katarina, niliyesoma matangazo ya vifo pale kwa miaka tisa, nikapewa cheti cha shukrani chenye jina la mtu mwingine, na sasa nakaanga maandazi mlangoni pa kituo. Wenceslaus walimbakiza kwa sababu mitambo haiwezi kujipangusa vumbi.

Tangu hapo wakulima wa tumbaku wa Goweko wanaarifiwa kila asubuhi kwamba kuna foleni ya magari Tazara, huko Dar. Wanashukuru sana. Hakuna hata mmoja wao aliyekwama Tazara mwaka huu. Na saa saba mchana, saa yangu ya vifo, bwana mmoja wa Dar anafundisha jinsi ya kumbembeleza mpenzi aliyenuna. Zamani za misafara, habari za bara zilikwenda pwani kwa miguu na kupumzika Tabora. Siku hizi za pwani zinatujia kwa setilaiti, wala haziulizi hodi.

Huko Dar wana ramani iliyopakwa rangi nyekundu mpaka Ziwa Tanganyika, eti kote tunasikika. Wenceslaus alizunguka na pikipiki, redio ndogo mfukoni, akagundua kwamba ukishaipita Kaliua sauti yetu inapatikana kwa kubahatisha, hapa ipo, pale haipo. Akawaandikia. Wakamjibu kwamba ramani imeshachapishwa.

Basi Jumatano moja, saa sita na nusu mchana, akaja mama mmoja wa Usoke, Mektilda, kanga kiunoni, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole, naona una msiba."

Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Maziko ni kesho yake saa tisa, ndugu wameshakata shauri. Dada yake Consolatha, kifungua mimba, analima tumbaku porini mbele ya Kaliua, mahali ambapo simu haishiki. Na kwao ni binti mkubwa anayemfunika mama uso kwa mara ya mwisho.

"Ana redio kaitundika kwenye nguzo ya bani, pale anapokaushia tumbaku," Mektilda akasema. "Anasema ni hapo tu inaposhika. Haizimi mchana kutwa."

Wenceslaus akamweleza utaratibu, kama alivyoagizwa. Tangazo liandikwe, litumwe Dar, likaguliwe na kitengo cha maudhui, na jibu litoke ndani ya siku tatu za kazi.

"Baba," Mektilda akasema, "mama yangu hana siku tatu za kazi."

Wenceslaus akainuka kitini. Kisha akachungulia mlangoni. "Katarina, nawa mikono uje."

Nikaingia nikinuka mafuta. Saa saba na dakika tano, yule bwana wa Dar alikuwa akisema siri kubwa ya mapenzi ni... na hatujaijua siri hiyo mpaka leo, kwa sababu kidole kilibonyeza. Nikasoma. "Habari zimfikie Consolatha, popote alipo huko Kaliua, na yeyote atakayesikia amfikishie." Nilirudia mara tatu. Miaka tisa sikuwahi kulia nikisoma, siku hiyo nililia.

Kesho yake Mektilda alinipigia simu. Consolatha alifika Usoke saa nane, ndala moja nyekundu na nyingine ya bluu, redio ikiwa bado kwapani. Alimfunika mama yake uso.

Sisi tukakaa kungoja kufukuzwa. Siku tatu mfululizo Wenceslaus alikuja kazini amevaa shati la kanisani, ili afukuzwe akiwa nadhifu. Kila simu ilipolia alisimama wima. Mke wake alishaanza kumwuliza kama anajua kukaanga maandazi.

Barua ikaja wiki ya pili. Aliifungua akaisoma, kisha akanipa. Wakubwa walikuwa wanakipongeza kituo cha Tabora kwa kuongoza nchi nzima: mwezi mzima hatukukatika kwenye matangazo ya Dar hata dakika moja.

Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Dakika tatu nzima tulikuwa tumezungumza hewani, na kule Dar hapakuwa na sikio hata moja. Iliniuma kuliko cheti chenye jina la mtu mwingine.

Wenceslaus aliikunja ile barua, akaipachika chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ikatulia.

"Kesho njoo saa saba kasoro," akaniambia. "Watu wa Goweko wameleta vifo viwili."

"Na Dar wakitusikia?"

"Huko hawatusikii, Katarina," akasema. "Wewe wasomee wanaosikia."