Benchi la Barazani, Makambako

Mwaka ule tulikula ugali wa Yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliokuwa na harufu ya gunia hata ukiupika vipi. Asubuhi wa njano, jioni wa njano. Viazi vyetu wenyewe hatukuvigusa, vilikuwa vya kupeleka gulioni. Juzi nilikuwa stendi ya Makambako, manyunyu yakaanza, gunia la katani la mtu likalowa karibu yangu. Harufu ileile. Utoto wangu wote ukanirudia.

Siku moja ya gulio mwaka ule tulitoka kijijini kwetu Kichiwa alfajiri, mama na tenga la viazi kichwani, mdogo wangu mgongoni, mimi nyuma na gunia tupu la kutandazia. Kwetu Wabena kigoda kilikuwa cha baba. Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyeona ajabu. Gulioni ni vilevile: wanaume kwenye benchi la barazani kwa mwenye duka, kopo la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, linazunguka, wanawake chini kwenye vumbi, upepo wa Makambako unawachapa usoni. Choo hakuna. Ukibanwa unavuka reli kwenda vichakani, mwenzako anakulinda. Kwa hiyo akina mama hawakunywa maji kutwa nzima. Mimi nilidhani wanawake wakishakua hawasikii kiu.

Siku hiyo mvua ilishuka ghafla, ya baridi, na mtoto analia njaa. Mama akaacha viazi vilowe, akapanda barazani, akajibana katikati ya wazee wawili kwenye benchi, akanyonyesha.

Kisha mzee mmoja mwenye koti refu akasema, "Wee mama, umepotea? Kanisani ni kule."

"Mwache," akadakia mwingine, "leo tumepata mzee mwenzetu. Mpeni kopo!"

Wakacheka mpaka ulanzi ukamwagika. Mwenye duka hakucheka. "Inuka, mama. Hapa pa wazee."

"Siinuki. Nimechoka."

Hakupaza sauti. Lakini mimi nilitamani ardhi inimeze, maana watoto wenzangu walikuwa wanaangalia. Nikafanya jambo linalonichoma mpaka leo: nikalitandaza lile gunia kwenye tope, nikalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayekaribisha mgeni, nikamwita, "Mama, njoo ukae hapa."

Akaniangalia. Afadhali angenichapa.

Alikaa mpaka mtoto akashiba. Gulio lililofuata benchi lilikuwa limeingizwa ndani ya duka. Mama akakaa chini kama zamani, na kwangu hakulitaja lile la gunia mpaka anakufa.

Sasa mjukuu wangu Upendo amesoma kuchora miji. Mimi nilikomea darasa la tatu, na najivuna naye, sifichi. Amepewa kazi ya kuchora mahali pa wanawake kupumzika pale stendi. Akaniuliza, "Bibi, kuwe na nini?" Nikamwambia: choo cha karibu, chenye komeo. Ukuta nyuma yangu, upepo usinipige, wala mtu asinijie kwa nyuma. Nione basi langu likifika. Na mtu asiniulize nimekaa kwa nini. Aliandika yote, ila hilo la mwisho alilitazama muda mrefu. Alisema hajui atalichoraje.

Juzi hiyo ndipo aliponileta nijaribu benchi la kwanza. Nikakaa, hata magoti hayajapoa, pikipiki ikaja, dereva mtu mzima na ndevu zake. "Shikamoo bibi. Sogea kidogo, hapa tunapaki." Kwa heshima kabisa. Na pembeni pamejaa nafasi.

Upendo akanivuta kitenge taratibu. "Bibi, inuka twende tu. Nitaongea nao ofisini kesho." Nikautazama mkono wake, umelowa manyunyu. Nikauona ule wangu, unapigapiga gunia kwenye tope.

Miaka yote nilijisimulia kwamba mama siku ile alikuwa shujaa. Hapana. Alikuwa ametembea kutoka Kichiwa na mtoto na tenga. Hakuwa na neno la kuwafundisha wale wazee. Alichoka, akaona hiyo ni sababu tosha ya mtu kukaa. Mimi nimechelewa kulijua hilo mpaka nina wajukuu, na kiuno kimekwisha.

"Marahaba, baba," nikamwitikia dereva.

Akangoja. Upendo naye akangoja, kitenge bado mkononi.

"Siinuki. Nimechoka."